Kwani Ni Chafu?

"Isafishwe?" mama aliuliza. "Kwani ni chafu?"
Nikamwambia ndivyo wasemavyo watu wa picha:
filamu hupigwa, kisha husafishwa,
na hii ya baba ilipigwa ikaachwa
miaka hamsini na ushei katika kopo la biskuti,
pamoja na vifungo, risiti za bandarini
na ufunguo ambao hakuna ajuaye mlango wake.

Kigurudumu kidogo, hakijazi kiganja.
Utepe wa zile kamera za nyumbani, za milimita nane.
Juu ya kijisanduku, mwandiko wake wa karani,
herufi zote zimeegemea kulia:
Imeharibika?
Basi. Neno moja na alama ya kuuliza.

Posta ya Digo Road kijana alinipa fomu.
Kilichomo: filamu.
Thamani:
Nikashika kalamu, nikatazama feni.
"Weka sifuri," akasema, "ushuru usikusumbue."
Nikaweka shilingi mia tano, kwa haya.
Kisha kwa wino mwekundu, pande zote sita,
ISIPITISHWE KWENYE EKSIREI,
kama mtu amsihiye daktari asiyemjua.

Zamani, asema mama, haikuwa na taabu.
Bahasha ilinunuliwa pamoja na filamu,
baba akaitia posta asubuhi akienda Kilindini,
na wiki ya sita sinema ikarudi imeiva,
shuka likatundikwa, nusu ya Kuze ikajaa uani.

Siku hizi wenye kazi hiyo wamebaki wachache.
Mmoja, Ujerumani, alijibu kwa adabu:
dawa ya rangi za filamu hiyo haitengenezwi tena.
Itatoka nyeusi na nyeupe, ikiwa itatoka.
Na tungoje, maana hukusanya za aina yake
hadi zitimie kumi na mbili, ndipo wakoroge dawa.
Tukangoja basi, sisi na wageni kumi na mmoja
tusiowajua, kila mmoja na kopo lake.
Ramadhani ikaingia, ikatoka.
Masika ikavujia varanda.
Mama akaacha kuuliza, kisha akaanza tena.

Ilirudi dakika mbili, si nne.
Nusu ya utepe haikuwahi kuona mwanga.
Nikaifungua kwenye kompyuta, kando ya sahani ya mahamri.
Kwanza ukungu, kama kioo cha bafuni.
Kisha Makadara, Idi, pembea za mbao,
na Bwanadi, kaka yangu nisiyewahi kumwona,
kofia imemzidi, anakwenda juu, anarudi.
Na ndani yake, au nyuma yake, sijui niseme vipi,
mama yuko uani, ameketi na ungo,
anachagua mchele, hainui uso.
Pembea inampita kifuani. Mtoto
anachomoza begani, anashuka kwenye ungo, anatoka.

Utepe ule hupita kamerani mara mbili:
upande huu, kisha unageuzwa.
Baba hakuugeuza.
Baba, aliyepanga hata misumari kwa urefu wake.
Siku ya kwanza ilikuwa Idi. Ya pili
ni baada ya homa, baada ya Kikowani,
nyumba imenyamaza, naye ameshika kamera
kwa kukosa cha kushika.

Mama alitazama mara tatu.
Hakulia. Alisema chai haina sukari.
Kisha akasema: "Shati lile ni la manjano.
Nililishona mwenyewe. Kitambaa cha Biashara Street,
kilichobaki nikatilia mto.
Hao Wajerumani wako hawakujua?"
Nikasema hawakuweza.
"Basi lete kalamu."

Akakipeleka kijisanduku dirishani,
na chini ya mwandiko wa baba,
pole pole, maana vidole vina baridi yabisi,
akaandika: manjano.
Alama ya kuuliza hakuigusa.