Fremu Isiyo na Mlango

Mihayo kaniandikia bei kwenye daftari la asali,
nyuma ya ukurasa wa madeni ya Sikonge.
Kaigawa karatasi kwa rula, safu tatu,
na juu ya kila safu kachora kijumba.
"Shangazi, chagua pa kupanga."

Kupanga nakujua mimi.
Nimepanga fremu Isevya miaka tisa,
kodi ya miezi sita mbele, taa juu yangu,
na mwenye nyumba hupita kila Ijumaa
kuonja asali kwa kidole.
Lakini fremu ile ukiigonga inalia.
Hii yako iko wapi?
"Kwenye seva."
Seva iko wapi?
"Ughaibuni, chumba cha baridi, hawakatiwi umeme."
Nikacheka. Usiku ule Tabora ilikuwa giza,
tunasoma bei kwa tochi ya simu,
chaji asilimia kumi na moja.

Kijumba cha kwanza kimekamilika:
rafu, mizani, sanduku la fedha,
unaingia na chupa zako tu.
Ila kodi ni ya dola, kila mwezi,
na dola haijui kwamba kuna miezi
mzinga unapigwa hodi, wenyewe hawana cha kutoa.
Tena siku ukihama, rafu zinabaki,
na majina ya wateja yanabaki nazo.
Nikapiga mkasi kwa kalamu nyekundu.

Cha pili, programu ya bure.
Bure! Baba yangu alikuwa mrina asali,
naijua bure ya msituni:
mti wa bure, nyuki wa bure,
kupanda ndiko kunakomaliza magoti.
Mihayo hakubisha. "Seva tutalipia, kwa mwaka,
na kila likitoka toleo jipya
mimi ndiye nitakayepanda."
"Na ukioa ukahamia Dodoma?"
Akachonga penseli
iliyokuwa imeshachongeka.

Cha tatu kilikuwa cha harusi.
Asali inatiririka yenyewe kwenye kioo,
herufi zinaingia moja moja kama wageni waalikwa.
Nilikipenda. Sifichi.
Nikampigia Nyanzala wa Kaliua,
anayechukua chupa ishirini kuwauzia abiria wa treni,
simu yake ina ufa kutoka kona hadi kona.
"Fungua hicho. Umeona nini?"
"Kinazunguka."
Nikasubiri.
"Bado kinazunguka, dada. Nimeshaosha sufuria."
"Haya, fungua kile kingine."
Kimya kidogo. Kuku wa Kaliua wakasikika.
"Naona chupa. Naona bei. Hakina urembo."
Basi. Tukachukua kisicho na urembo.

Jina nalo likatusumbua.
Asali bora lina mwenyewe. Asali safi lina mwenyewe.
La Tabora, la miombo, la nyuki wadogo,
watu wameyakalia kama viti vya mbele msibani.
La Nyamizi lilikuwa pale, halijaguswa na mtu.
Miaka hamsini na mbili nalibeba
sikujua kama linauzika.

Kila Jumapili Mihayo ananitolea nakala ya duka zima
kwenye flashi ndogo kuliko ukucha wa dole gumba.
Naifunga kwenye kitambaa, naizika kwenye debe la mchele.
Ananicheka.
Acheke. Seva ikiungua huko kwenye baridi yao,
duka langu litanuka mchele, lakini lipo.

Oda ya kwanza iliingia Jumanne, saa tatu usiku,
simu ikalia mlio ambao hatujawahi kuusikia,
tukatazamana kama wezi.
Chupa moja, nusu lita, malipo yamepokelewa.
Mahali pa kupeleka: Isevya.
Jina: Zamoyoni Kapalala.
Zamoyoni! Tunashirikiana ukuta.
Nikikohoa ananiambia pole.
Nikatoka na chupa, na kandambili, bila tochi,
hatua kumi na nne,
nikamkuta kibarazani na simu mkononi, anacheka peke yake.
"Nilitaka kuona kama unakuja kweli."
Na nauli ya usafirishaji, shilingi elfu mbili,
mfumo ulikuwa umeshamkata.
Nikamwambia nitakurudishia.
Akasema, usirudishe, umetoka mbali.