Gunia la Mvunguni

Msimu wa korosho nakata vipya.
Malipo yakitoka chama cha msingi
Newala nzima inataka nguo kabla ya Ijumaa,
na mkasi wangu hauna nafasi ya kutazama kinachoanguka.
Jioni mwanangu Chikumbi anafagia,
anauliza, "Mama, uchafu huu niutupe?"
Namwambia huo si uchafu.
Huo ni Julai.

Julai hela zimekwisha.
Ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unaingia dukani bila hodi,
hauna kitambaa mkononi wala hautaki kupimwa.
Ndipo ninapoinama.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema;
hawakusema ukiinama miaka thelathini
mgongo wenyewe unashika pindo.

Gunia hili lilibeba korosho, bado linanuka maganda.
Humo mna khaki ya kaptura za shule,
satini ya bitana inayoteleza kama shahidi wa uongo,
sare ya harusi ambayo ndoa yake haikumaliza mwaka
lakini rangi yake haijachuja.
Bafta siweki humo.
Bafta iliyobaki kwa maiti naifunga peke yake,
juu kabisa, karibu na bati.
Sijui namwekea nani, na sitaki kujua.

Vidogo kuliko kidole vinakwenda ndani ya mto.
Vya kiganja vinakuwa vishikio vya sufuria.
Virefu vyembamba wavulana wa jirani huviiba;
naona, nanyamaza,
chandimu haichezwi kwa mdomo.

Basi siku moja akaja Somoe Nalinga, mikono kiunoni:
"Fundi, nilikuletea yadi nne.
Gauni hili limekula tatu.
Ya nne umemvisha nani?"

Sikumjibu. Nililimwaga gunia sakafuni.
"Tafuta."

Alipiga magoti akatafuta kitenge chake cha majogoo,
anatupa kushoto, anatupa kulia,
anataja majina ya watu kwa nguo zao,
hii ya Mwanahawa, hii ya mke wa karani,
kisha mkono ukasimama.

Tetroni, mistari ya bluu.
Si kitenge, wala si chake.
Ni pembe ya shati la Athumani Likwena, mumewe,
aliyevuka mto kwenda Msumbiji kuchimba vito
mwaka ule wa mvua nyingi,
na shati lenyewe akiwa amelivaa.

"Hiki umekiweka muda wote huu?"
Sikukiweka, nikamwambia.
Sikukitupa tu.

Hakuuliza tena habari ya yadi.
(Nami nakiri hapa, Mungu ananiona:
yadi ile ilikwisha kuwa foronya ya mjukuu wangu,
majogoo sita, mmoja hana kichwa.)

Mwezi huo nilishona shuka la viraka.
Sikupanga rangi.
Khaki ilikaa ilipotaka, kando ya satini,
kama mwalimu mkuu aliyepewa kiti cha bibi harusi.
Sindano mbili zilivunjika kwenye kola ya koti la mgambo.
Nilishona hadi mafuta ya taa yakaisha,
nikaendelea kwa kupapasa,
maana vidole vinamjua nani ni nani.

Tetroni haimo.
Somoe aliondoka nayo,
ameifunga kwenye pindo la khanga
pale ambapo watu hufunga hela.

Kwa hiyo shuka lina nafasi, upande wa miguu,
upana wa kiganja. Nililiacha hivyo.
Usiku kidole changu kimoja hutokea hapo
na kukutana na ukungu.

Chikumbi anasema nizibe kwa chochote,
gunia limejaa.
Ni kweli, limejaa.