Gia ya Pili

Ottokar kalala chali barafuni,
koti la mkewe chini ya mgongo.
“Ni ya pili tena,” asema. “Inameza, kisha inatema.”

Tangu Graz tumesimama mara kumi na moja.
Plagi tumezisugua, kabureta tumeipuliza kwa mdomo,
hata mate yetu yana ladha ya petroli.
Maksai wa Hirzegger anangoja kutuvuta.
Anacheua. Hana haraka.

Nafungua sanduku la gia:
ndani ya grisi, jino moja la chuma,
dogo kama lile lililomtoka binti yangu Jumapili,
akalishika kiganjani, akasahau kulia.

Nimelitia mfukoni.
Kesho kiwandani watauliza kasi.
Nitawawekea jino mezani.