Uzi wa Tatu

Kivuko cha Nansio kinayumba. Lubango kalala;
gitaa nimelipakata mimi, kama mtoto mwenye homa.
Unyevu wa ziwa hauna adabu:
unatia kutu hata skrubu nilizopaka mafuta juzi.

Jenereta likinguruma nyuma ya jukwaa
naegemeza sikio kwenye mbao. Hapo tu nasikia.
Geuza kidogo. Rudisha. Basi.

Usiku ule Kirumba uzi wa tatu ulikatika.
Nilimpa gitaa la pili gizani;
hakunitazama, mkono wake ulijua nilipo.
Vigelegele.

Nyuzi kuukuu sizitupi.
Mama, kule Igombe, anatungia sato wa kukausha.
Nilipopita kibandani nikaugusa mmoja:
sato sita wameukaza barabara.
Haki ya Mungu, ulilia sol.

Sikugeuza kitu.