Usiseme Kifua

Katika ukoo wetu hatuvunjiki.
Bibi Vaike alianguka kutoka dari ya zizi
akiwa na miaka themanini na miwili,
akainuka, akajipangusa nyasi kavu,
akaulizia ndoo iko wapi.
Mama aliteleza kwenye barafu ya gati, Virtsu:
kilichovunjika ni chupa ya maziwa.
Saaremaa wanazijua kuta zetu za mawe,
zimepangwa bila udongo wala saruji,
nasi wanatujua hivyo hivyo:
wanawake wa Tammiku, mifupa ya chokaa.

Basi nilipolazwa chini ya mashine ya kupimia mifupa,
Februari, Kuressaare, theluji ikikwaruza dirisha,
Eerik wa mashine alitazama skrini akacheka.
"Hamsini na saba? Hii ni mifupa ya msichana."
Nilivaa soksi zangu kama bingwa anayevaa medali.

Wiki tatu baadaye: sabuni, kiganja,
na punje.
Kama ya dengu. Upande wa kushoto.

Daktari Ülle alichora mgongoni mwa bahasha
maana karatasi zilikuwa zimemwishia.
Homoni ile ile, alisema,
iliyoushindilia mfupa wako miaka yote hii,
huweza kuamsha titi lisilotaka kuamshwa.
Na kuna herufi za urithi
ambazo mfupa huzisoma, na titi huzisoma,
kila kimoja kwa matamshi yake.
"Si hukumu. Wengi wenye mifupa kama yako
huzeeka salama. Na wembamba nao huugua."
Niliikunja bahasha nikaitia mfukoni.
Ndani yake mlikuwa na bili ya umeme.

Usiku ule nikaanza kuhesabu.
Bibi Vaike, aliyezikwa mzima kama mwamba,
alikufa kwa kifua.
Shangazi Leida, kifua.
Dada yao wa mwisho, ambaye hata picha hana,
kifua.
Tulilaumu moshi wa kukaushia samaki.
Hakuna aliyeuliza kifua gani.

Sasa kila asubuhi kidonge kimoja,
kabla ya mkate wa shayiri nyeusi,
kinaifunga ile homoni mfereji wake.
Titi limenyamaza. Mfupa ndio unaolipa deni.
Mwaka wa pili Eerik hakucheka.
"Imepungua," alisema,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mvua.

Mwezi uliopita nilijikwaa penye mreteni
nikasikia kifundo cha mkono kikilia, ka!
kama kijiti cha kuwashia jiko.
Wa kwanza katika ukoo.
Nilikaa chini, nikacheka kabla ya kulia.

Binti yangu Kärt alichora samaki kwenye plasta.
Ana miaka ishirini na sita, hubeba kayaki peke yake
kichwani, hadi ufukweni, bila kupumzika.
Zamani ningesema, "Umechukua mifupa yetu,"
kama anayekabidhi hati ya shamba.
Nalisema bado. Ila siishii hapo.
"Nenda wakupime. Na wakikuuliza habari za bibi zako,
sema titi.
Usiseme kifua."

Hakujibu. Alikuwa akitazama ukuta:
baridi ilikuwa imeliangusha jiwe moja la juu.
Tuliliinua,
kwa mikono mitatu,
tukaligeuzageuza mpaka likakaa.