Mtu wa Pili

Kwanza lipime mkononi, Arafa:
ratili kumi na ushei, upana wa sinia ya chai,
chuma cheusi, vifundo vitano vya kuzungusha,
kimoja kilipotea nikakitilia kizibo cha soda.
Mbele lina masikio mawili ya kufungia kwenye reki.
Reki tuliiuza. Masikio yakabaki.
Linataka umeme wa kwao, volti mia,
ndiyo maana haliendi pahala bila transfoma,
kama biharusi na kungwi wake.

Lilifika Wete mwaka wa thamanini na saba
limeviringishwa blanketi, kutoka Maskati.

Shaame alikuwa gita la pili.
Tukipiga harusi, Jadida, Limbani, hadi Kojani,
mimi natangulia, yeye anafuata
nyuma kidogo, unene wa unywele,
na uzi wake wa tatu siku zote umeshuka.
Nilimgombeza miaka sita.
Kisha akapata kazi ya kreni bandarini kwao huko,
na badala ya barua akaniletea sanduku.
Karatasi aliyoibandika chini ingalipo, isome:
*Huyu ni mimi. Usimgombeze.*

Ukipiga uzi mmoja zinatoka sauti mbili:
yako, na nyingine
inayochelewa, inapanda, inashuka,
kama mtu anayekubaliana nawe
lakini bado anafikiri.
Na chini yake pana mvumo,
mchele unapetwa nyumba ya pili.

Leo umekuja na kompyuta.
Umefungua programu, na ndani yake
sanduku langu!
Vifundo vitano, vyote vipo.
Skrubu nne zimechorwa pembeni,
bisibisi gani itazifungua?
Hata kutu wameichora kwenye kona,
kutu isiyowahi kuonja chumvi.
Mvumo nao umepewa kitufe: upo, haupo.
Nikacheka. Nikakwambia, mwanangu,
picha ya halua haiteremki kooni.

Ukasema, "Ami, geukia ukutani."
Nikageuka. Kalenda ya duka la saruji,
Machi ya mwaka juzi.
Ukapiga hili, ukapiga lile, hukunena neno.
Mara kumi. Saba nilikosea.
Ile ya mwisho nilikuwa tayari kuapa,
nilisikia hata kidole cha Shaame kikiteleza,
kumbe kompyuta.

Sikukupa mkono.
Nilisema masikio yangu yana nta.

Halafu umeme, ule unaotambaa chini ya bahari kutoka Tanga,
ukakatika katikati ya ubishi wetu.
Taa nyekundu ya sanduku ikafa.
Uso wako ukabaki wa buluu,
betri asilimia sitini na mbili,
na gita lako likaendelea kuwa watu wawili gizani.

Nikaweka kiganja juu ya chuma. Bado kilikuwa na joto.
Nilitaka kukwambia kuhusu joto hilo,
lakini kompyuta yako pia nimeishika,
nayo ina joto.

Shaame walimzika kulekule, mwaka wa korona.
Ndege zilikuwa hazendi. Baadaye zilikwenda,
nami sikwenda.
Kila Ijumaa nikiliwasha sanduku
najua ni chipu, ni kapasita mbili nilizozibadilisha mwenyewe
kwa risasi ya kuchomelea redio.
Najua. Nilikuwa naliwasha tu.

Basi nikasogeza kigoda.
Nikauliza, hicho cha kuchelewesha kinafika wapi?
Ukakigusa kwa kidole.

Zidisha. Zidisha tena.
Sasa umepita, huyo ni mlevi. Rudi.
Bado ana haraka ya kijana;
yeye alikuwa anasikiliza kwanza.
Ushushe na uzi wa tatu, kwa mkono, kwenye gita lenyewe,
hilo kompyuta yako haijaambiwa.
Kidogo.
Hapo.
Usiguse kitu, Arafa.
Hapo ndipo alipokuwa akikosea.