Herufi Isiyosikika

Karatasi ya thelathini na mbili ni ya Mideva:
doa la chai pembeni, mwandiko umeinama
kama mtu apandaye kilima cha Mbale na ndoo kichwani.
Ameandika: "Ma mère est parti."
Mama ameondoka.
Kalamu yangu nyekundu imeshatua
kabla sijaelewa nilichosoma.

Jumatatu nilikuwa ubaoni, chaki ikinivunjikia:
mwanamume "parti", mwanamke "partie",
wakiwa wengi, ongeza "s".
Mbona mnakunja uso? Haya mnayajua tangu utotoni:
kiti kimevunjika, viti vimevunjika,
mti umeanguka, miti imeanguka.
Sisi neno tunalivika kofia,
wao wanalivika viatu.

Kageha akanyosha mkono:
Na wakiondoka wanawake mia na mwanamume mmoja?
"Partis," nikasema. Yule mmoja anatosha.
Hata akiwa mtoto wa mgongoni, mwalimu?
Hata huyo.
Darasa likaguna, likacheka,
mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati
na somo likaendelea kwa ishara za mikono.

Kisirani cha "avoir" nilikiacha kwa wiki ijayo:
nimeandika barua, "j'ai écrit la lettre",
kitenzi hakijali, kinapita tu.
Lakini barua ikitangulia,
barua niliyoiandika, "la lettre que j'ai écrite",
ndipo kinageuka, kinaitambua.
Kilichokwisha kupita ndicho kinachoheshimiwa.

Narudi kwa Mideva.
Kwa Kiswahili, ameondoka
anaweza kuwa baba, shangazi, jirani, mhubiri;
neno halimuulizi mtu yeyote.
Huku linadai: alikuwa mwanamke, sema,
kwa herufi moja mwishoni
ambayo hata ukiisoma kwa sauti mbele ya shule nzima
hakuna sikio litakaloipata.

Sijui ameondoka vipi.
Kwa basi la usiku, kwa viza ya Riyadh,
kwa gari lenye vitambaa vyekundu kwenye vioo.
Mtihani uliuliza sentensi tano tu
kuhusu familia yako.

Mwongozo unasema: kata nusu alama.

Nimeiongeza "e", ndogo, kwa penseli,
nikaikaza kidogo isifutike.
Ile nusu sikuikata.
Thelathini na tatu: Adagala, hakuandika jina la pili.